Kusafirisha Samaki wa Mapambo Wakati wa Joto: Kwa Nini Wengine Hufa Baada ya Kufika Salama

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninafuga gapi na samaki wa dhahabu nyumbani kwangu Kimara, Dar es Salaam. Mwezi Februari nilimtumia mteja wa Dodoma samaki 60 kwa basi. Niliwalisha vizuri alfajiri ili wasiishiwe nguvu njiani, nikawafunga saa 10 alfajiri hiyohiyo katika mifuko miwili iliyokaribia kujaa maji, nikapuliza hewa kwa mdomo katika nafasi iliyobaki, kisha nikaweka mifuko ndani ya ndoo na pande la barafu juu yake. Mteja aliwafungua saa 10 jioni. Samaki 22 walikuwa wameshakufa. Wengine 17 walikuwa wakiogelea, lakini walikufa ndani ya saa moja baada ya mteja kufungua mifuko na kuwawekea pampu ya hewa. Je, ni joto lililowaua? Na nitumie dawa gani ya kuwatuliza safari ijayo?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa hasara hiyo, na nakushukuru kwa kueleza kila hatua bila kuficha, kwa sababu bila maelezo ya namna hiyo ningebaki kubahatisha. Joto lilihusika, lakini halikuwaua peke yake. Wale 22 na wale 17 hawakufa kifo cha aina moja, na ukielewa tofauti ya vifo hivyo viwili utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya kazi hii.

Nianze na wale waliofia njiani. Mwili wa samaki hufuata joto la maji aliyomo. Maji yakipanda kwa nyuzijoto 10, matumizi yake ya oksijeni huongezeka takriban mara mbili, na uchafu anaoutoa huongezeka vilevile. Wakati huohuo maji yenyewe yanapopata joto hushika oksijeni kidogo zaidi: lita moja ya maji baridi yenye nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, na lita hiyohiyo ikifika nyuzijoto 30 hubeba kama miligramu 7.5 tu. Mahitaji yanapanda huku akiba ikishuka, na katika mfuko uliofungwa hakuna mahali pa kupata nyongeza.

Hapo ndipo lilipo kosa la kujaza maji. Wafugaji wengi huamini kwamba maji mengi ndiyo usalama wa samaki, kwa kuwa samaki ni kiumbe wa maji, lakini hesabu inaonyesha vingine. Lita moja ya maji haina hata miligramu 10 za oksijeni. Lita moja ya hewa ya kawaida ina takriban miligramu 270. Lita moja ya oksijeni safi ina takriban miligramu 1,300. Maana yake ni kwamba nafasi iliyo juu ya maji ndiyo ghala la samaki wako, na wewe ghala hilo ulilifanya dogo mno. Kisha ulilijaza pumzi. Hewa tunayoitoa mdomoni imeshatumika: oksijeni yake imeshuka kutoka asilimia 21 hadi kama 16, na kaboni dioksidi yake imepanda hadi kama asilimia 4, yaani karibu mara 100 ya ile iliyomo katika hewa ya nje. Kupuliza mfuko kwa mdomo kunafaa kwa mtu anayetoka dukani kwenda nyumba ya jirani. Kwa safari ya saa 12, tafadhali usipulize tena.

Kipimo ninachokitumia ni theluthi moja ya mfuko maji na theluthi mbili oksijeni. Nasema theluthi moja, nisije nikaeleweka kwamba maji hayana kazi, kwa sababu maji ndiyo yanayopunguza makali ya uchafu na kuchelewesha kupanda kwa joto. Mfuko ulazwe ubavu ndani ya boksi ili uso wa maji uwe mpana na gesi iingie kwa urahisi. Mtikisiko wa basi nao husaidia kuichanganya, na kwa kweli saa mbaya zaidi kwa samaki ni zile ambazo mzigo umekaa kimya ofisini ukisubiri kuchukuliwa. Tumia mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na kunja pembe za chini uzifunge kwa mpira au utepe, kwa maana gapi wadogo huingia katika pembe kali, hubanwa, na hufa hapo hali sehemu nyingine ya mfuko ina kila kitu wanachohitaji.

Oksijeni utaipata kwa mafundi wa kuchomea vyuma kwa gesi. Nenda na mifuko yako, umweleze fundi unachotaka, na uhakikishe kwa macho yako kwamba bomba linatoka katika mtungi wa oksijeni, kwa sababu pembeni yake huwepo mtungi wa asetilini. Kamwe usishike vali ya mtungi huo kwa mikono yenye mafuta au grisi, kwani oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na mafuta inaweza kuwaka. Kabla ya kujaza, bana mfuko ukamue hewa yote ya kawaida hadi ushuke kwenye uso wa maji, ndipo uingize oksijeni. Usiukaze kama mpira wa miguu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mfuko uliofungwa Kimara utazidi kuvimba kadiri basi linavyopanda. Kwa mzigo wa ndege acha ulegevu zaidi, kwani hata shehena iliyomo katika chumba chenye shinikizo la kurekebishwa husafiri kana kwamba imewekwa juu ya mlima.

Sasa niwaseme wale 17, ambao kifo chao ndicho kinachonisikitisha zaidi, kwa sababu walifika. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, saa zote, hata akiwa hajala. Amonia ndani ya maji huwa katika sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye madhara madogo, na kinachoamua uwiano wake ni pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, pamoja na joto. Katika mfuko uliofungwa, kaboni dioksidi inayotokana na pumzi ya samaki hujikusanya na kufanya maji yawe na uasidi, hivyo pH hushuka. Tuseme imeshuka hadi 6.5 na maji yana nyuzijoto 30: sehemu yenye sumu kali huwa kama robo tu ya asilimia 1 ya amonia yote iliyomo. Samaki yumo katika maji machafu, amechoka, lakini anaishi. Mteja anafungua mfuko, anatumbukiza jiwe la pampu, na kaboni dioksidi inatoroka kwa dakika chache. pH inapanda kuelekea 8, na sehemu ile yenye sumu inaruka hadi zaidi ya asilimia 7, yaani kama mara 30 ya ilivyokuwa, bila ya amonia yenyewe kuongezeka hata tone. Mteja wako alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angekifanya, na usimlaumu. Hakuwa ameambiwa.

Kwa hiyo mpe maelekezo kwa simu kabla basi halijaondoka. Mfuko ukiwa bado umefungwa, auache uelee ndani ya tangi lenye kivuli kwa dakika 15 hadi 20 ili joto la maji ya mfuko na ya tangi lilingane. Kisha afungue, awachote samaki kwa wavu laini na kuwaweka moja kwa moja katika maji safi ya tangi, na maji ya mfuko ayamwage nje. Asiweke pampu mfukoni, na asiwadondoshee maji ya tangi kidogokidogo kwa saa nzima. Njia ya kudondosha maji inafaa kwa samaki waliokaa mfukoni muda mfupi tu. Kwa waliosafiri kutwa, inawapikia sumu hiyohiyo niliyoieleza. Taa za tangi zizimwe, na chakula kisubiri hadi kesho yake.

Huenda ukauliza, je, mshtuko wa kuhama ghafla kutoka maji haya kwenda yale? Swali hilo ni la haki, na dawa yake iko kwako mtumaji. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma hutoka katika visima vya Makutupora na yana chumvichumvi kuliko ya Dar es Salaam. Mwombe mteja akupimie pH ya tangi lake na akueleze ugumu wa maji yake, kisha wewe, katika siku mbili kabla ya safari, uyasogeze maji ya beseni la mapumziko, yaani beseni wanamokaa samaki kabla ya kufungwa, taratibu kuelekea vipimo hivyo. Samaki atazoea akiwa ametulia nyumbani kwako, jambo ambalo ni rahisi kwake kuliko kuzoea akiwa hoi baada ya safari.

Siku hizo mbili za beseni la mapumziko ndizo ninazozithamini kuliko barafu yoyote. Gapi wasilishwe kwa saa 24, na samaki wa dhahabu kwa saa 48, kwa kuwa hula sana na huchafua sana. Najua inauma kumnyima kiumbe chakula kabla ya safari, na ulipowalisha alfajiri ulifanya kwa mapenzi, lakini chakula kile ndicho kilichogeuka kinyesi na amonia njiani. Samaki mwenye afya haumii kwa siku mbili bila chakula. Maji ya kufungia yawe mapya, si yale ya tangi yenye mabaki. Ukitumia ya bomba, ondoa klorini kwa sodiamu thaiosalfeti au uyaache katika beseni wazi yakibubujika kwa pampu ya hewa kwa muda wa siku moja. Gramu 1 hadi 2 za chumvi isiyotiwa manukato kwa lita huwapunguzia gapi na samaki wa dhahabu mzigo wa kusawazisha maji mwilini. Wengine huongeza zeolaiti (aina ya madini) ili inyonye amonia, na inafanya kazi hiyo vizuri katika maji yasiyo na chumvi; ukiichanganya na chumvi, chumvi huitoa amonia katika zeolaiti na kuirudisha majini. Chagua kimoja.

Idadi nayo ilizidi. Kwa safari ya saa 12 katika miezi ya Desemba hadi Machi, mimi huweka gapi wakubwa wasiozidi 12 katika lita moja ya maji yenye lita mbili za oksijeni, na samaki wa dhahabu wa sentimita 5 wasiozidi watatu katika lita mbili za maji. Miezi ya Juni na Julai naweza kuongeza kidogo. Na usiwachanganye aina hizi mbili katika mfuko mmoja, wala katika boksi moja ukiweza, kwa kuwa gapi hufungwa vyema maji yakiwa na nyuzijoto 24 au 25, hali samaki wa dhahabu wananufaika na 21 au 22. Ushushe joto hilo katika beseni la mapumziko usiku wa kuamkia safari, kwa kutumbukiza chupa iliyogandishwa ndani ya maji na kuitoa, polepole, si zaidi ya nyuzijoto moja kwa saa, huku kipimajoto kikiwa mkononi.

Kuhusu barafu, kosa lako halikuwa kuitumia bali ilikokaa na chombo ulichotumia. Ndoo ya plastiki haizuii joto. Mifuko iliyogusana na pande la barafu ilipoa ghafla mwanzoni, na barafu hiyo nina hakika iliisha mapema, halafu saa zote zilizobaki ndoo ikawa inapashwa moto na buti la basi. Samaki huvumilia joto la wastani lisilobadilika kuliko kushushwa na kupandishwa hivyo. Tafuta boksi la stairofomu lenye kuta nene, kama yale wanayotumia wauza samaki wa kula. Lioshe kwa maji na chumvi hadi harufu iishe. Gandisha chupa ya nusu lita, izungushie magazeti tabaka nne au tano, na uifunge kwa utepe chini ya mfuniko, kwa sababu hewa baridi hushuka yenyewe. Chupa moja ya namna hiyo, inapoyeyuka na maji yake kufikia joto la mifuko, hunyonya joto linalotosha kushusha lita 10 za maji kwa kama nyuzijoto 5. Hesabu hiyo uikumbuke kila unaposhawishika kuongeza chupa ya pili katika boksi dogo: utawatoa samaki katika hatari ya joto na kuwaingiza katika hatari ya baridi. Ziba mshono wa mfuniko kwa utepe mpana. Giza la ndani ya boksi litawatuliza, na samaki aliyetulia anapumua kidogo.

Kuna wanaozungushia boksi gunia lililoloweshwa, kwa maarifa yaleyale ya mtungi wa maji unaopoza kwa kutokwa jasho. Maarifa ni ya kweli, ila yanahitaji hewa kavu inayopita. Katika buti lililofungwa, gunia hilo litalowesha mizigo ya watu tu.

Kuhusu dawa ya kutuliza, ninakusihi uachane nayo. Mafuta ya karafuu ndiyo ambayo wengi huyafikiria hapa kwetu, na ni kweli kwamba kiini chake, eugenoli, hutumika kuwalaza samaki wakati wa kuwapima au kuwatibu. Lakini pengo kati ya kipimo kinachotuliza na kinachosimamisha matamvua ni dogo, na linazidi kuwa dogo maji yanapopata joto. Anayetumia dawa hiyo anatakiwa kuwa amesimama kando ya beseni akimwona samaki. Ndani ya boksi lililoko kwenye buti huko Chalinze, hakuna wa kuona.

Basi lenyewe linahitaji mazungumzo kabla ya nauli. Tangu Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, sijamshauri mtu kutuma samaki mchana wakati wa kiangazi. Basi linaloondoka Mbezi jioni litafika Dodoma kabla jua halijawa kali. Mabasi mengi ya siku hizi yana injini nyuma, kwa hiyo omba boksi likae katika buti la mbele, au bora zaidi ndani kwa abiria, hata kama utalipa kama kiti. Andika juu na ubavuni kwa herufi kubwa: SAMAKI HAI, WEKA KIVULINI, pamoja na namba ya simu ya mpokeaji, na uzungumze na utingo uso kwa uso. Miaka ya nyuma nilimtumia mteja samaki waliofungwa kwa kila uangalifu, na boksi likakaa dakika 40 juani mbele ya ofisi ya mizigo kwa kuwa mpokeaji alikuwa katika foleni ya magari. Nilipotumiwa picha, maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na juu yake povu lisilopasuka. Samaki wamelala ubavu, matamvua yamefunguka na kuwa mekundu sana. Povu la namna ile ni ute wa miili yao. Ukiliona, jua kwamba waliteseka kwa muda mrefu kabla ya kufa. Tangu hapo sifungi mfuko mpaka mpokeaji anithibitishie kwamba atakuwepo kituoni kabla ya basi, na muda ninaouhesabu ni kuanzia kufunga mfuko hadi kuufungua, si saa za barabarani.

Utakapopanuka na kuanza kushughulika na samaki wa Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, uwe mwangalifu mara mbili. Maji ya ziwa lile yana pH inayokaribia 9, na katika pH 9 kwa nyuzijoto 25 zaidi ya theluthi moja ya amonia huwa katika sura ya sumu kali. Aina za Tropheus, ambao hula mwani na wana utumbo mrefu, zinahitaji siku mbili hadi tatu za kufunga ili utumbo usafike. Samaki wa baharini nao wapewe kila mmoja mfuko wake, kwa kuwa maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo zaidi na pH yake iko juu ya 8. Na ikiwa mteja yuko nje ya nchi, anza na ofisi ya Idara ya Uvuvi kwa ajili ya leseni na cheti cha afya ya samaki, na shirika la ndege kwa masharti ya IATA (jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege) ya kusafirisha wanyama hai, kabla hujapokea hata shilingi yake.

Kabla ya kumtumia tena mteja wa Dodoma, fanya jaribio moja nyumbani. Funga gapi 10 kama nilivyoeleza, uwaweke katika boksi lenye chupa yake ya barafu, na uliache boksi hilo katika chumba chenye joto kwa saa 14, mbili zaidi ya safari yenyewe. Weka kipimajoto kimoja kati ya mifuko na kingine nje, na uandike vipimo wakati wa kufunga na wakati wa kufungua. Ukifungua, angalia kama kuna povu, nusa maji, kisha wahamishe kwa wavu na uwatazame kwa siku tatu. Nitumie vipimo hivyo pamoja na idadi ya waliopona, nami nitakuambia kama barafu ipunguzwe, samaki wapunguzwe, au uendelee hivyohivyo.